Bunduki ya Baba Iliyoandikwa Dukani

Pine Slough, Wisconsin
Machi 11, 2018

Dada Arlys,

Nakusalimu wewe, mbwa wako, na hilo bonde lenu la Montana ambako simu hushika makaburini tu, kana kwamba marehemu ndio wenye haraka ya kuongea. Sisi huku hatujambo, kwa kiwango chetu cha kutojambo. Goti la LaVonne bado linatabiri theluji, na bado linakosea kama redio. Barafu ya ziwani imeanza kulia, lakini wazee wangali wamekaa juu yake na vindoo vyao wakivua samaki, maana mwanamume wa hapa kwetu ni afadhali azame kuliko kurudi nyumbani mapema.

Mazishi ya Baba yalikwenda vizuri. Kanisa lilijaa, na ukumbi wa chini ya kanisa ulijaa zaidi, kwa kuwa ndiko chakula kilikokuwa. Tumebakiwa na mikate ya nyama ya nguruwe ya kutosha kumzika mtu mwingine, akijitokeza. Watu walikuulizia. Nikawaambia barabara ya mlimani ilifungwa kwa theluji, kama ulivyoniagiza niseme. Jeneza tulilibeba mimi, binamu wanne, na Duane, mumeo wa zamani, ambaye alijitolea bila kuombwa, akavaa tai, akalia kutushinda sisi wenye baba. Alikuulizia pia.

Sasa la maana. Unakumbuka Baba alivyosema mbele yetu sote, na alilirudia mpaka pumzi za mwisho: "Bunduki ya juu ya mlango ni ya Arlys." Hakusema trekta ni ya nani. Hakusema nyumba ni ya nani. Ni bunduki tu aliyoitolea tamko, na alikuwa na haki yake. Mimi nauza bunduki tangu nikiwa na nywele, na sijapata kumtia wasiwasi hata sungura. Wewe ulimwangusha kulungu wako wa kwanza kwa bunduki hiyo ungali unasukwa nywele mikia miwili.

Basi nikafanya mambo kwa utaratibu. Jioni ile ile ya mazishi nikaishusha, nikaenda nayo dukani, nikaiandika kitabuni: aina yake, namba yake, imetoka kwa nani. Unanijua, nzi akitua kwenye kaunta yangu namwandika. Kilichobaki ni kidogo. Naituma kwa mwenye duka la bunduki wa huko kwenu. Unakwenda, unajaza fomu, yeye anapiga simu serikalini wakuchunguze rekodi, unaulizwa kama wewe ni mhalifu, unasema siyo, unatoka na bunduki ya baba yako kahawa ikiwa bado ya moto. Niambie tu jina la duka.

Mdogo wako, muuza minyoo na risasi kwa risiti moja,
Merlyn


Montana
Machi 30, 2018

Merlyn mdogo wangu,

Barua yako imefika ikinuka chambo, nikajua ni yako kabla ya kusoma jina. Mimi mzima. Mbwa mzima, ila amekula kiatu, na si changu, sasa nasubiri mwenyewe ajitokeze. Mpe pole LaVonne, na umwambie aendelee kulisikiliza hilo goti. Angalau katika nyumba hiyo kuna kiungo kimoja kinachofikiri.

Barua nimeisoma mara mbili. Ya kwanza nikacheka. Ya pili nikaacha.

Hebu tuelewane. Baba amefariki. Ameacha bunduki. Ameniachia mimi. Nilikwenda kwa Hollis, ambaye ndiye mwenye duka la bunduki hapa, nikamwuliza bila kumtaja mtu, ili nisiuaibishe ukoo.

"Hollis, mtu akifiwa na baba yake jimbo la mbali, akaachiwa bunduki, inamfikiaje?"

"Inamfikia kama saa ya ukutani, Bi Arlys. Mrithi ni mrithi. Hakuna duka, hakuna fomu, hakuna simu."

"Na kama ndugu yake ana duka, akaiandika kwenye kitabu cha duka?"

Hollis akaacha kutafuna. "Hapo imeshakuwa mali ya duka. Haitoki ila kwa mtu aliyechunguzwa. Lakini ni mpumbavu gani atafanya hivyo?"

Nikatazama nje dirishani, Merlyn. Nikasifu hali ya hewa.

Ungeiacha juu ya mlango. Hilo tu. Kazi ya kutokufanya kitu, ambayo kwa kawaida unaiweza sana. Siku moja ungeitia garini ukaja kunitembelea, kwa mara ya kwanza tangu nihamie huku, tukanywa kahawa, ukaisahau nyuma ya mlango wangu, na Baba angekuwa ametimiziwa neno lake. Sasa si bunduki ya Baba tena, ni bidhaa. Imekaa kati ya ndoano na kofia za rangi ya machungwa za wawindaji, na mimi ni mteja.

Futa. Chukua hicho kitabu ufute.

Dada yako mkubwa, anayetakiwa athibitishe kwamba si jambazi ndipo apewe alichoachiwa,
Arlys


Pine Slough
Aprili 16, 2018

Dada Arlys,

Salamu kutoka kwenye matope. Theluji imeyeyuka na vitu vyote tulivyovipoteza tangu Novemba vimeonekana, pamoja na baiskeli ya mchungaji. Ijumaa tulikwenda kula samaki wa kukaanga kama desturi, LaVonne akaiomba barua yako, akaisoma kwa sauti mezani, na meza ya jirani ikaomba arudie pale pa kiungo kinachofikiri.

"Kwa hiyo," LaVonne akaniambia, "Wisconsin nzima ingejua kuiacha bunduki juu ya mlango, isipokuwa mwenye leseni."

"Ni mazoea, mama."

"Mazoea! Siku nikifa, tafadhali, usiniandike."

Dada, una haki ya kunicheka na nimejicheka mwenyewe. Nilishika kalamu kama mtu anavyojikuna. Lakini kufuta siwezi. Kile kitabu wakaguzi wa serikali kuu hukisoma kwa makini kuliko mchungaji wetu asomavyo Biblia, na wakikuta mahali pamefutwa, hawataniuliza kwa nini. Watanichukulia leseni, nibaki na minyoo. Minyoo peke yake hainilishi.

Ila kusema kweli sioni msiba uko wapi. Unaogopa nini, kucheleweshwa? Mimi mwenyewe hucheleweshwa! Kuna Merlyn Raddatz mwingine huko Oklahoma, eti aliiba benki akakimbia na trekta, na kila nikijinunulia bunduki ya nyumbani kwa mwenzangu wa mji wa pili serikali huniweka siku kadhaa ikitafakari kama nina trekta. Wewe jina lako liko peke yake duniani. Arlys Raddatz, mpishi mstaafu wa shule, mwimbaji wa sauti ya pili, hujapata kuiba hata yai. Wakikuchunguza watasinzia.

Kwa hiyo nimekwisha ituma kwa Hollis. Imefika salama, imefungwa vizuri, nimetia na soseji ya kulungu ya kaka yake LaVonne. Nenda kaichukue. Na umwambie Hollis yule mpumbavu anamsalimu.

Mdogo wako,
Merlyn


Montana
Juni 4, 2018

Merlyn,

Natumaini nyote wazima na baiskeli ya mchungaji imekauka. Soseji nimeipata, Hollis aliniletea kanisani, na mbwa anakushukuru.

Kwenda dukani kwake bado sijapata nafasi. Kwanza mto ulifurika. Halafu ng'ombe wa jirani wakazaa wote kwa pamoja kama waliopanga. Halafu duka la Hollis lina mbwa mkubwa anayenusa watu mahali pasipostahili. Halafu Hollis mwenyewe ni msemaji, ukiingia asubuhi unatoka umekosa chakula cha mchana. Nitakwenda.

Lakini nikusimulie kitu, kwa kuwa wewe ni msomi wa vitabu. Jumamosi iliyopita jirani yangu Wendell alitoa vitu vyake uani kuviuza: kitanda, mashine ya kukamulia matofaa, na bunduki mbili. Akaja mtu wa bonde la juu, simjui, Wendell hamjui. Akaitazama moja, akailenga angani, akatoa pesa. Wendell akamwuliza swali moja la usalama: "Na mashine ya matofaa utaichukua?"

Akaichukua. Akaenda zake na vyote viwili. Hakuna fomu, hakuna simu, hakuna aliyemwuliza ameua wangapi. Na Wendell hakuvunja sheria yoyote, maana Wendell si mwenye duka, ni Wendell.

Hollis alikuwepo, anakula keki. Akaniinamia: "Bi Arlys, kama fomu inakuchosha, ile ya pili ni sawasawa kabisa na ya baba yako. Kiwanda kile kile. Ichukue twende zetu."

Yaani hapa naweza kuuziwa bunduki ya baba wa mtu yeyote. Ya baba yangu tu ndiyo inayotaka nichunguzwe. Nieleze hiyo, mwenye leseni.

Mpe salamu LaVonne. Mazao yakoje? Duane huwa anakuja dukani kwako?

Arlys


Pine Slough
Juni 25, 2018

Dada Arlys,

Mbu wamefika. Watalii wa Chicago pia wamefika, na tofauti ni kwamba mbu hawaulizi kama minyoo yetu inalimwa bila dawa. Mahindi ni mafupi, ila yana nia.

Habari ya Wendell nimeisoma nikajikuna kichwa mahali nywele zilipokuwa. Unataka nikueleze sheria? Sheria yetu ni geti kubwa la chuma, lina kufuli, lina mlinzi, mlinzi ndiye mimi, na pembeni ya geti hakuna uzio. Mwenye adabu hupita getini. Wengine hupita shambani na mashine za matofaa. Nikilalamika, wateja wangu husema nataka kuwajengea ukuta. Nikinyamaza, mpwa wa LaVonne anayesoma chuo husema nina damu mikononi. Kwa hiyo mimi huuza minyoo, ambayo haina upande.

Umeuliza nani huja dukani. Watu huja, watu huenda, duka ni duka. Mbona hukuuliza kuhusu bustani? LaVonne amepanda maboga mengi kiasi kwamba posta haifikiki.

Hollis alinipigia simu. Anasema bunduki iko pale pale kwenye kasha lake, na kwamba wiki iliyopita ulipita mbele ya duka, ukapunguza mwendo, ukaongeza. Mbwa wake amefungwa, anasema. Amemfunga kwa ajili yako.

Mdogo wako,
Merlyn


Montana
Julai 19, 2018

Merlyn, nakuandikia kwenye postikadi ili nisipate nafasi ya kusema mengi. Sote wazima. Nyasi zinakatwa, nina kazi nyingi. Huyo kwenye picha ni dubu, si Hollis. Arlys


Pine Slough
Agosti 12, 2018

Dada Arlys,

Nashukuru kwa dubu. LaVonne amembandika kwenye friji, naye ndiye ndugu wa Montana mwenye maneno mengi kuliko wote tulionao.

Sasa sikiliza, na ukiona wino umekoza ni kwa sababu nimeukandamiza. Mazishi hukuja. Nilidanganya kanisa zima kuhusu theluji, na dereva wa lori la masafa, aliyetoka huko kwenu kwa njia hiyo hiyo siku mbili kabla, alikuwa amekaa kiti cha mbele yangu. Bunduki uliitaka, nikaituma, sasa inaliwa na vumbi kwa Hollis tangu mwezi wa nne. Mto ulifurika, ng'ombe walizaa, mbwa alinusa. Bado nzige.

Kuna daktari wa Chicago mwenye nyumba ziwani kwetu. Aliiona bunduki siku naifunga, na tangu hapo kila Jumamosi anaingia, ananunua kopo moja la minyoo asiyoitumia, ananiuliza, "Ile ya mzee vipi?" Anataka kuitundika juu ya meko, chini ya kichwa cha kulungu alichonunua. Nimemkatalia mara zote. Je, nimkubalie? Sema tu kwamba huitaki. Sentensi moja. Baba hayupo, hataumia. Nitakayeumia ni mimi, na mimi nimezoea, nimeoa mtu mkweli.

Au kama ni mimi unayenikasirikia kwa kuiandika kwenye kile kitabu, nitukane tena tumalize. Ulikuwa unatukana vizuri mwezi wa tatu.

Merlyn


Montana
Agosti 31, 2018

Mdogo wangu Merlyn,

Salamu kwanza. Mimi mzima, mbwa mzima, mwenye kiatu amejitokeza, ni Wendell. Msalimu LaVonne.

Ukimuuzia daktari nitakuja huko kwa miguu.

Kaa chini. Kama uko dukani, funga mlango. Kuna swali kwenye hiyo fomu yako, wewe umewasomea watu mara nyingi hata hulisikii tena, kama anayesoma orodha ya vyakula. Linauliza kama umepata kutiwa hatiani kwa kosa dogo la kumpiga mtu wa nyumbani mwako. Mtu akijibu ndiyo, basi. Hapewi, leo wala kesho. Akijibu siyo na ni uongo, hilo ni kosa jingine, na kubwa kuliko la kwanza.

Mimi jibu langu ni ndiyo.

Ilikuwa mwaka wa mwisho kule tulikokuwa tunakaa, kaunti ya pili. Unamjua Duane wa kubeba jeneza, mwenye tai. Mimi nilikuwa namjua wa Jumamosi akitoka baa. Siku hiyo alinishika nywele akaniinamisha kwenye beseni la vyombo, na mimi nilikuwa naosha kikaango cha Mama, kile cha chuma. Sikufikiri. Kikaango ndicho kilichofikiri.

Alipiga simu polisi yeye, Merlyn. Yeye! Akaja askari, kijana ambaye huviringisha naye mipira ya boling katika timu moja. Akamwona Duane anavuja damu sikioni, akaniona mimi nimesimama na kikaango. Michubuko yangu ilikuwa ndani ya nguo, ilikokuwa siku zote.

"Mama, weka hicho chini."

Nikasema, "Mwulize alichokuwa anafanya."

"Duane, ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa naomba chakula," akasema Duane.

Wakacheka wote wawili. Halafu nikafungwa pingu nikiwa na aproni.

Wakili niliyepewa na serikali anitetee alinipa ushauri kwenye korido, hata hakukaa: "Kiri, mama. Ni kosa dogo, faini tu, Jumapili utakuwa kanisani." Nikakiri. Jumapili nikawa kanisani. Hakuna aliyeniambia kwamba kosa dogo lina maisha marefu hivyo. Nilikuja kujua nikiwa huku, nilipokwenda dukani kununua bunduki ya kufukuzia mbweha, nikafika kwenye swali hilo. Nikaweka kalamu chini, nikanunua kofia.

Baba alijua. Ndiye aliyekuja kunitoa, na ndiye aliyenilipia nauli ya kuja huku. Nikamwambia tusikuambie. Akasema, "Merlyn tukimwambia, atajua kila mnunuzi wa minyoo." Alikupenda, lakini alikujua. Na ndiyo maana bunduki aliitolea tamko: alikuwa ameuliza mahali, akajua urithi hupita bila mtu kuulizwa kitu. Sikuitaka ya kupigia. Niliitaka juu ya mlango wangu, niitazame. Kwamba hata hivyo haikuwa ruhusa, najua. Ningeipokea tu.

Sasa unajua kwa nini sikuja kumzika baba yangu. Theluji ilikuwa imevaa tai.

Nilikuuliza Juni kama Duane huja dukani kwako. Nakuuliza tena.

Arlys


Pine Slough
Septemba 17, 2018

Dada yangu,

Nimefunga duka siku nzima. Watu walidhani nimekufa, wawili wakaleta chakula. LaVonne aliisoma barua akiwa amesimama, akakaa, akasimama tena, akatoka kwenda kung'oa maboga ambayo hayajaiva. Kisha akarudi na udongo mikononi, akaniambia, "Nawe ulimpa yule jeneza alibebe."

Mengine yote ni salama. Majani yameanza kugeuka rangi. Samahani, sijui kwa nini nakuandikia majani.

Dada, nimekwenda kwa mwanasheria. Si yule wa kwenye korido, huyu alikaa. Anasema kuna njia. Mtu akiomba mahakamani, hakimu akakubali kulifuta lile kosa kabisa, basi kwa sheria linakuwa kama halikuwahi kuwapo, na ukifika kwenye lile swali unajibu siyo kwa moyo mweupe. Si hakika, lakini wapo waliofanikiwa. Unachotakiwa ni maombi ya maandishi, ueleze umeishije tangu hapo, na uonyeshe majuto. Majuto ndiyo hakimu anayapima, anasema.

Nimekuandikia mwenyewe ili nikupunguzie kazi. Yamo ndani ya bahasha hii. Nilikesha nayo. Pale penye "ninajuta kwa dhati kitendo changu cha ukatili dhidi ya mume wangu" LaVonne alinirushia kijiko, lakini mwanasheria anasema ndivyo inavyoandikwa. Wewe tia sahihi tu. Hollis amekubali kuitunza bunduki mpaka hakimu aamue, hata ikichukua mwaka. Sikumwambia sababu. Nimejifunza.

Nataka uipate. Nimekaa nyuma ya kaunta hii nikijiona mlinzi wa geti, na aliyezuiwa ni wewe. Acha nitengeneze hili moja.

Daktari wa Chicago nimemwambia bunduki imeungua.

Mdogo wako,
Merlyn


Montana
Oktoba 9, 2018

Merlyn mdogo wangu,

Hatujambo. Theluji ya kwanza imeanguka, ya kweli, si ile ya mazishi. Mwambie LaVonne kijiko alichokurushia namfidia kwa kipya.

Maombi yako nimeyasoma. Umeandika vizuri, sikujua una kipaji cha toba. Nilikaa nayo mezani wiki mbili na kalamu. Nilijaribu kweli, usidhani ni kiburi cha dakika moja. Pale penye "ninajuta kwa dhati kitendo changu" nikakata, nikaandika "ninajuta kwa dhati kikaango cha Mama, maana kilipata ufa mpini." Nikaona hakimu hatapenda. Nikajaribu "ninajuta kwamba ilitokea." Nikajiuliza: ilitokea, au nilitendewa? Nikaikata nayo. Mwisho karatasi nzima ikawa imekatwa, lililobaki ni jina langu na anwani.

Sitii sahihi. Fomu ya Hollis ningeweza kuidanganya kwa neno moja nikatoka na bunduki mkononi, na sikufanya. Sasa nimdanganye hakimu kwa kurasa mbili? Nijute mbele ya mtu nisiyemjua ili niruhusiwe kuwa na kitu cha baba yangu? Baba asingeipokea kwa bei hiyo, nami siipokei.

Sasa la pili. Nimekuuliza Juni, ukaniambia habari za maboga. Nimekuuliza Agosti, ukaniambia habari za majani. Basi nitajijibu. Amenunua bunduki kwako. Tena si zamani, ndiyo maana inakuwasha. Alisimama hapo kwenye kaunta, ukamsomea maswali yako yote, akajibu siyo, siyo, siyo, na mdogo wangu, yote yalikuwa kweli. Hajapata kutiwa hatiani kwa lolote. Ukapiga simu, wakakwambia mpe. Huenda ulimpunguzia na bei. Usijieleze. Ulifanya kila ulichotakiwa kufanya, na kile kitabu chako ukikifungua utakuta kiko safi kabisa.

Kwa hiyo fanya hivi. Nimekwisha mwambia Hollis airudishe bunduki kwako. Duka kwa duka, hakuna anayechunguzwa. Ikifika, iandike imeingia. Halafu iandike imetoka dukani, iwe yako wewe Merlyn, mali ya nyumbani, kwa wino, kwa utaratibu wako wote. Sitaigusa, kwa hiyo wasikuulize kitu. Kisha itundike nyuma ya kaunta, mahali ambapo mtu hawezi kununua risasi bila kuitazama.

Msimu wa kulungu ni mwezi ujao. Duane atakuja. Ijumaa mchana pengine, duka likiwa limejaa watu wa kofia za machungwa. Ataiona. Atakuuliza bei. Mwambie haiuzwi. Atakuuliza ni ya nani, na anaijua vizuri ni ya nani, lakini atauliza, kwa sababu anapenda kuongea mbele za watu. Mwambie ni ya Arlys, aliachiwa na baba yake, na sheria haimruhusu kuichukua.

Akiuliza kwa nini, usimjibu. Wala usihame kaunta, usishike simu, usianze habari ya hali ya hewa. Mtazame tu, na wengine wamtazame, unyamaze, kama ulivyoninyamazia mimi tangu Juni, mpaka ajibu yeye.

Dada yako,
Arlys